Nani Amlishe Mama

Matungu
Jumanne, 4 Februari 2025

Kwa wifi yangu Hasina,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, maana nasikia huko uliko afya ndiyo kazi yenu mchana kutwa. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Watoto hawajambo, wanauliza shangazi yao mbona alipita bila kuwasalimia. Kaka yako Abdulnasir hajambo, bado yuko barabarani na lori, upande wa Juba. Ng'ombe amezaa. Mimi pia sijambo, kwa nje.

Baada ya salamu, nakuuliza: Mama yuko wapi?

Najua aliko. Nauliza ili usikie jinsi swali lenyewe linavyotia aibu. Ijumaa nilikwenda soko la Mumias nikamwacha Mama Ayesha kwenye kiti chake barazani, ameoga, amekunywa chai, redio iko karibu yake. Niliporudi nikakuta kiti na redio. Jirani yetu Jescah ndiye aliyenieleza, tena kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha: "Senje wa watoto, shangazi yao huyo, alikuja na pikapu ya mboga, akafunganya nguo za mama. Alisema anampeleka Shirere, kwa kituo cha watu kwenda kukula vizuri."

Kula vizuri. Neno hilo ulilisema uani kwangu, mbele ya Jescah, ambaye ukitaka tangazo lifike Mumias kabla ya magharibi humhitaji mwingine.

Wewe umezaliwa hapa, sina haja ya kukufundisha desturi. Siku Mama aliponikabidhi jiko, wanawake wa boma wote walikuwepo. Alinishika mkono akaniambia tangu leo tumbo lake liko kwangu. Na binti akija kumwondoa mama yake nyumbani kwa mwana ili akamlishe kwingine, kila mtu hapa anajua maana yake: mkaza mwana anamnyima. Leo kisimani wameniuliza Mama alikuwa akila nini kwangu. Wameniuliza wakicheka. Hukumchukua Mama peke yake, Hasina. Ulinivua nguo na kuniacha nimesimama hapo.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Osundwa, dereva wa hiyo pikapu, anasema mkifika huko simu hufungiwa kabatini ofisini, wagonjwa kwa wahudumu, ili akili zitulie. Ndiyo sababu naandika kama watu wa zamani. Yeye hupita hapa Jumanne na Ijumaa. Nangoja anirudishie Mama, au basi barua. Mama ningempenda zaidi.

Umesahau mtandio wake wa kijani, ule ambao hapati usingizi bila huo. Nimempa Osundwa. Usiutumie kufungia mboga.

Wifi yako,
Raisa


Shirere, Kakamega
Ijumaa, 7 Februari 2025

Kwa wifi Raisa,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nashukuru kwa salamu. Mimi sijambo, na Mama anaendelea. Wasalimie watoto, uwaambie nitawaona.

Nilikuja Ijumaa makusudi kwa sababu ni siku yako ya soko. Kama ningekukuta, tungeshikana nguo mbele yake, na yeye angesema hataki kwenda ili tu wewe usinune. Sijutii.

Kwa kuwa unataka kujua aliko, nitakueleza. Hapa watu hulala wiki kadhaa, wenye sukari, wenye presha, wenye uzito uliowashinda. Asubuhi ni maji ya uvuguvugu, kisha matembezi polepole kuzunguka bustani, kisha glasi ya juisi ya majani mabichi. Mchana maharagwe, mboga, na kipande cha ugali wa wimbi kinachoenea kiganjani. Sukari hakuna, chumvi hakuna, mafuta ya kukaangia hakuna, nyama hakuna. Mimi nimejitolea, silipwi. Nakata mboga, nasaga juisi, nasugua masufuria, naosha miguu ya wazee ambao watoto wao hawajawahi kuiosha. Na kwa sababu nafanya hayo, Mama anakaa bure. Dinah, msimamizi wetu, alinipa sharti moja: nikivunja sheria za chakula, au Mama akivunja, tunaondoka wote wawili.

Sasa nami nikuulize. Uliwahi kuufungua mguu wa Mama? Mimi niliufungua siku ya kwanza. Kile kidonda kilikuwa kinanuka, Raisa. Nililia bafuni ili asinione. Mgonjwa wa sukari anapewa chai ambayo kijiko kinasimama ndani yake, mandazi alfajiri, chapati jioni, kisha watu mnashangaa kidonda hakiponi.

Na jiko lake. Niliingia kumchukulia chungu chake kidogo nikakuta kuku wako anaatamia katikati ya mafiga. Mahali alipotupikia sisi sote, mimi na kaka yangu, umefanya banda. Nilielewa hapo hapo. Unamjaza utamu ili akae kitini atulie, asiulize jiko lake lilikwenda wapi.

Mtandio ameupokea. Alitabasamu. Hilo nakwambia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu umelistahili.

Wifi yako,
Hasina


Matungu
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa Hasina,

Assalam aleikum. Hatujambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, bado ina uchungu ule ule. Sasa sikiliza, maana ulipokuwa Nairobi mambo haya yalitokea bila wewe.

Kidonda unachokinusa ni moto. Mwaka jana wakati wa mvua Mama alikuwa anapika mtama jikoni mwake. Kuni iliteleza ikaangukia mguu wake, na yeye akaendelea kukoroga. Hakusikia. Miguu yake haisikii kitu siku hizi, ulilijua hilo? Mimi ndiye niliyesikia harufu nikiwa uani, nikadhani anachoma ngozi ya mbuzi. Niliingia nikakuta kuni imelala juu ya mguu wa mama mkwe wangu na yeye ananiuliza nimekuja kuonja. Siku hiyo nililifunga jiko. Kuku niliwaweka mwenyewe ili asipate mahali pa kuwasha moto, kwa maana kufuli angeivunja. Alininunia msimu mzima. Nilikubali kununiwa.

Kuhusu sukari. Chai tamu aliitaka mwenyewe, na nilipompunguzia alimwambia kila aliyepita njiani kwamba nambania. Mimi ni mkaza mwana, Hasina. Mkaza mwana akimnyima mama mkwe kijiko kimoja cha sukari ni mchawi. Binti akimnyima mama yake chumvi, mafuta, nyama na ugali kwa mpigo mmoja, huyo anasifiwa kwamba anampenda. Wewe una ruhusa ambayo mimi sitaipata hata nikizeekea hapa.

Halafu, hizo mboga zenu za afya. Muulize Osundwa anazikata wapi. Mrenda, managu, kunde, zote zinatoka shambani kwangu, nyuma ya hilo jiko unalolilia. Amekuwa akinunua kwangu tangu kabla hujajua kituo hicho kiko wapi. Kwa hiyo tumbo la Mama bado liko kwangu, lakini linapitia mikononi mwako.

Osundwa ananiambia, "Yule mama anakulanga kidogo sana, anasukumanga sahani." Sishangai. Mama hajawahi kula mrenda bila musherekha. Namtuma na chupa, nimeuchuja jana kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Si chumvi ya dukani. Ni majivu na maji, vitu vya shambani. Mwambie Dinah wako aupime kwa rula ya sheria zake.

Raisa


Shirere
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kwa Raisa,

Waaleikum salaam. Sisi wazima.

Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika mambo ambayo ningejuta. Habari ya kuni sikuijua. Ungeweza kunipigia simu wakati ule. Hukunipigia, kwa sababu ulitaka uonekane wewe ndiye unayejua kila kitu cha Mama.

Musherekha Dinah aliuonja akasema ni wa asili kabisa, hauna shida, hata akaomba uwatengenezee wengine. Basi Mama anakula mrenda. Anamaliza bakuli na kulamba kidole. Kwa hilo ahsante, nimesema mara moja, sitarudia. Sukari yake imeshuka, wahudumu wanaopima wameshangaa. Kidonda kimeanza kukauka pembeni. Juisi anakunywa asubuhi na jioni, na mimi mwenyewe ndiye ninayeisaga, majani mengi, viazi sukari vyekundu, ndizi kidogo.

Ningekuandikia kwa amani kama si paja la kuku.

Jumanne, mbele ya wahudumu wote, Dinah alifungua gunia la kunde akatoa kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kuku wa kukaanga. Mafuta yalikuwa yamepita hadi kwenye kunde za watu wengine. Nilisimamishwa pale kama mwizi wa mahindi. Dinah alisema nikirudia tunafungasha. Mimi sikuwa nimeweka hata unyoya. Mama alikuwa ameketi mlangoni anatazama lile paja likipelekwa kwa mbwa, na machozi yanamtoka, sijui ni kwa ajili yangu au ya kuku.

Unajua Mama akikosa mahali hapa hatuna pengine. Unajua, na bado ulituma kuku. Hutaki apone mikononi mwangu. Ungependa afie kwako ameshiba kuliko aishi kwangu na njaa kidogo.

Hasina


Matungu
Ijumaa, 28 Februari 2025

Hasina,

Salaam aleikum.

Kuku niliweka mimi. Nilijua utamtambua kwa mkono wangu wa mapishi. Tangu lini mtu akatuma mzigo kwa mgonjwa bila kitu cha mdomo? Mama yangu mzazi angefufuka anikaripie.

Lakini sentensi ile ya mwisho uliyoandika, kwamba ningependa afie kwangu ameshiba, nimeiweka. Nimeikunja nikaiweka chini ya godoro, na kaka yako akirudi atasoma aone dada yake alivyoniandikia. Nimemwogesha Mama yako. Nimemkatia kucha. Homa ilipompanda nililala sakafuni kando ya kitanda chake nikiwa na mimba ya huyu kitinda mimba. Wewe ulikuwa unakuja Idd, unaleta machungwa, unapigwa picha naye, unaondoka kabla vyombo havijaoshwa. Ndoa ilipokushinda na kazi ikaisha huko Nairobi, ndipo ukakumbuka una mama mgonjwa. Umempeleka kwa wageni ili uwe na mahali pa kulala na jina la mtu mwema.

Sasa nimesema nami. Tuko sawa.

Ramadhani inaingia kesho au kesho kutwa. Mama hawezi kufunga, kwa hilo hatugombani. Lakini Idd namtaka hapa. Watoto wamemzoea bibi yao, kukhu wao, akiwagawia tende kwa mkono wake. Mlete Idd, hata kwa siku moja, nitampikia bila sukari, na ukitaka usimame juu ya sufuria ukichunguza kila ninachotia, simama.

Nimetuma chupa nyingine ya musherekha, kubwa zaidi, kwa kuwa mmesema mnaupenda.

Raisa


Shirere
Jumanne, 4 Machi 2025

Raisa,

Ramadhani karim.

Jibu ni hapana. Idd Mama atakuwa hapa. Yuko karibu kupona na sitamrudisha kwenye kiti kile ili siku moja ya pilau iharibu kila kitu.

Uliyoandika kuhusu ndoa yangu nimeyasoma. Usitarajie jibu. Mboga zilete kwa kuwa wagonjwa wanazihitaji. Barua usilete.

Hasina


Matungu
Jumanne, 18 Machi 2025

Hasina,

Osundwa amefika sasa hivi na gunia tupu. Amesema Mama alibebwa juzi kwenye blanketi kupelekwa hospitali, miguu imelegea, moyo unaruka. Juzi. Amenieleza dereva wa mboga.

Uliniambia nisilete barua, nikatii. Wewe je, ulitaka nisikie kwenye kipaza sauti cha msikiti?

Namtanguliza Osundwa na karatasi hii ili ujue ninayekuja ni mimi. Natafuta wa kuniangalizia watoto, kisha nafuata. Nimefunga, kwa hiyo yaliyo moyoni mwangu siyaandiki. Nitakwambia baada ya futari.

Raisa


Hospitalini, Kakamega
Ijumaa, 21 Machi 2025

Kwa wifi yangu Raisa,

Assalam aleikum warahmatullah. Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Mama yuko hai, na leo alikaa mwenyewe.

Naandika kwa sababu muuguzi alikutoa nje kwa kelele, na alifanya haki, tulikuwa tunagombana juu ya kichwa cha mgonjwa. Ukaondoka na hasira zako bila kusikia aliyosema daktari. Ni lazima usikie.

Figo za Mama zimechoka. Sukari ilizichosha kimya kimya kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kuzipima, si kwako wala si hapa. Figo zikiwa hivyo, kuna madini yanayoitwa potasiamu ambayo mwili hauwezi kuyatoa, yanajaa kwenye damu na kuuvuruga moyo. Daktari aliniuliza Mama anakula nini. Nilimtajia juisi ya majani asubuhi na jioni, kwa fahari, kwa kuwa nilidhani atanisifu. Akaacha kuandika akanitazama. Juisi hiyo imejaa potasiamu. Nikataja musherekha. Akauliza ndio nini, nikamwambia ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Akasema hayo ndiyo yenyewe, kama ningetafuta njia ya kumjazia nisingepata iliyo fupi zaidi.

Chupa ni yako. Dinah aliikubali na mimi ndiye niliyeimimina. Juisi ni yangu peke yangu. Nimejaribu usiku wote kulifanya kosa liwe lako zaidi na limekataa. Usifurahi.

Kisha daktari akauliza, nani anamlisha huyu mgonjwa? Nikasema ni mimi. Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema: "Mwongo. Wananilishanga wawili, kila mtu na chake. Mimi nilikuwanga na jiko langu."

Daktari alidhani anaweweseka. Mimi nilijua hapana, na wewe ungekuwepo ungejua.

Tangu hapo hafungui mdomo. Nimempelekea uji wa hospitali, amegeuka ukutani. Viazi ulivyoacha, vilivyochemshwa, hakuvigusa. Anakunywa maji na dawa tu. Nilimpigia magoti, Raisa. Alinishika kichwa akaniambia atakula akipika. Nikamwambia Mama, miguu yako haisikii moto. Akasema mikono yake inasikia.

Wanamwongezea maji kwa sindano, lakini daktari anasema bila chakula hatamruhusu aende popote, na bila chakula hata hiyo dawa haitamfaa. Sijui la kufanya. Kwa mara ya kwanza sijui, na wa kumwambia ni wewe, jambo ambalo linanichoma.

Wifi yako,
Hasina


Matungu
Jumanne, 25 Machi 2025

Hasina,

Waaleikum salaam. Hatujambo.

Musherekha. Nimeukalia hapo jikoni kwangu nikiuchuja tone kwa tone, nikichagua maganda masafi. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Chungu cha kuchujia nimekivunja.

Kuku wametoka. Nimefagia, nimepaka kinyesi cha ng'ombe ukutani na sakafuni, panang'aa. Wametapakaa uani wananitazama kama nimewadhulumu. Mafiga nimeyatoa. Mahali pake nimejenga jiko la udongo lililoinuka mpaka kiunoni, mdomo wa kuni uko upande wa ukuta, mbali na miguu. Phanuel wa kwa Jescah alikuja kunisaidia kukanda udongo, na Jescah mwenyewe alikuja kuona, na nikamwacha aone. Atasema mama mkwe wangu amelirudia jiko lake kwa sababu nimeshindwa. Aseme.

Mama atapika akiwa amevaa gambuti za Abdulnasir. Hilo ni sharti langu. Asipozivaa moto hauwaki. Mwambie.

Mwambie leo, kabla hajalala na njaa nyingine. Mwambie jiko limekauka. Akikubali kula huko kijiko chochote kwa ajili ya safari, mlete Ijumaa na Osundwa.

Wewe umshushe getini. Usiingie. Nimekuelewa, lakini kukuelewa na kukuona uso ni mambo mawili, na la pili siliwezi kwa sasa. Ile sentensi yako bado iko chini ya godoro.

Raisa


Shirere
Ijumaa, 28 Machi 2025

Kwa Raisa,

Assalam aleikum. Osundwa atakupa barua hii pamoja na Mama. Mimi nitabaki ndani ya pikapu kama ulivyotaka.

Nilipomwambia jiko limekauka aliuliza ni nani aliyejenga. Nikamwambia ni wewe. Akaomba uji. Kuhusu gambuti alisema wewe una dharau, lakini atazivaa.

Daktari amesema hivi. Musherekha marufuku, juisi ya majani marufuku. Chumvi, hapana. Chai bila sukari. Mboga zikatwe, zichemshwe, maji yamwagwe, kisha zipikwe. Mrenda usubiri. Nyama kidogo, kuku wa kuchemsha anafaa. Dawa zake ziko kwenye mfuko wa bluu, na kliniki ya figo atarudi baada ya Idd. Kidonda usikiache bila kitambaa safi.

Mimi nimebaki kituoni. Nilitaka kuacha, Dinah akanizuia, nami nikataka aseme kosa ni lake, tukakosana, kisha asubuhi iliyofuata nikamkuta anamuuliza mgeni mpya karatasi za kupimwa figo kabla hajapewa glasi. Basi nikachukua kisu nikaanza kukata mboga. Kuna wazee hapa ambao miguu yao nimeizoea.

Sitaomba kuja Idd.

Hasina


Matungu
Jumanne, 1 Aprili 2025, Idd pili

Kwa wifi yangu Hasina,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Idd mubarak. Natumaini umeamka salama. Watoto hawajambo, wana nguo mpya na tayari zimechafuka. Kaka yako alifika usiku wa kuamkia Idd, mwembamba, ana vumbi la Juba hadi masikioni. Mama hajambo. Kidonda kimefunga. Nimekiona kwa macho yangu, kimefunga vizuri, na ni huko kwako kilikoanza kufunga. Hilo nimeliandika, usingoje niliandike tena.

Jana alipika. Tangu alfajiri hakutaka mtu jikoni. Alisimama mbele ya lile jiko na gambuti zinazomfika magotini, mtandio wa kijani kichwani, akatufukuza wote, hata mimi niliyekanda udongo kwa mikono yangu. Kuku alimchagua mwenyewe uani. Alimchukua yule aliyekuwa akiatamia kwenye mafiga yake. Alimwelekezea kidole tu, na Abdulnasir akamchinja.

Kisha akatuita, akatupakulia kila mtu kwa mkono wake. Watoto walikula. Kaka yako aliomba chumvi, akatazamwa, akainamisha kichwa. Mimi aliniwekea sahani akaketi mbele yangu kunitazama, na wanawake wa boma wote wamejaa mlangoni, Jescah mbele yao. Nilidhani nitaona aibu. Nilikula huku machozi yananitoka na sijui yalikuwa ya nini.

Kilichomo kwenye kitambaa ni sahani yako. Mama aliipakua kabla ya zote, akaifunika, akaniamuru niitume na Osundwa na nikuandikie kwamba umalize. Ni kuku wa kuchemsha na kabichi iliyomwagwa maji. Mimi yangu nilimaliza, kwa hiyo nina haki ya kukwambia ukweli. Ni kibaya, wifi. Hakina ladha ya kitu chochote duniani. Kimalize.

Sahani ni ya Mama, na unajua sahani ya Idd hairudishwi tupu. Usimpe Osundwa. Ilete mwenyewe Ijumaa, uingie mpaka ndani. Bado nimekukasirikia, na maneno yangu nimeyapanga, nitakwambia yote tukiosha vyombo.

Ndani ya sahani tia chochote. Juisi usitie.

Wifi yako,
Raisa